Kufuli la Upande wa Mombasa

Barua yangu inasema nimestaafu. Nina miaka thelathini na tatu. Sikuomba kustaafu, sikuugua, wala sikufikisha umri. Stesheni ilifungwa, na mtu fulani ofisini akaona neno hilo linanukia vizuri kuliko mengine. Nimelikubali kwa sababu moja tu: mstaafu anaruhusiwa kuandika kumbukumbu zake, na wenzake wadogo wanalazimika kuzisoma hata kama amewazidi miaka minane tu. Basi someni. Naandikia Sindo, kwetu, ambako hakuna reli. Watu wakiniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani huko pwani, nawaambia nilikuwa nafunga na kufungua njia. Wanadhani nilikuwa mlinzi wa geti.

Stesheni nitaiita Ndimuni, ambalo silo jina lake. Ilikuwa kwenye reli ya zamani ya kwenda Mombasa, penye udongo mwekundu na miiba, mbali na duka la karibu kwa saa nzima ya miguu. Jengo la mawe lenye vyumba viwili, tangi la maji lililotoboka, na njia mbili: njia kuu, na njia ya kupishania pembeni yake. Reli ni moja, kwa hiyo treni mbili zikikutana lazima moja iingie pembeni isubiri nyingine ipite. Hiyo ndiyo kazi yote ya stesheni ndogo. Ufagio, rejista na wageni wanaoomba choo ni mapambo.

Nilifika na shahada ya takwimu, sanduku moja, na imani kwamba kila kanuni lazima iulizwe ilizaliwa na nani. Aliyenipokea alikuwa pointsmani, yaani mtu wa kubadilisha njia kule reli inapogawanyika. Mwanamume mrefu, karibu miaka sitini, kofia mkononi. Hapa nitamwita Mzee Nyagaya.

"Wewe ndiye stesheni masta?"

"Ndiyo."

"Kwenu wapi?"

"Sindo."

"Ah! Nyar Sindo." Binti wa Sindo. Tangu siku hiyo hakuniita jina lingine. "Mimi wa Rangwe, upande wa Asumbi. Umekula?"

"Bado."

"Basi utakula baadaye. Kwanza njoo uone pointi."

Tulitembea juani hadi upande wa Mombasa, pale njia moja inapokuwa mbili. Akavuta wenzo, na ulimi wa reli ukasogea ukabana kwenye reli kubwa. Akaupiga kibano cha chuma usirudi nyuma, akakitia kufuli, akanishikisha ufunguo uliokuwa ndani ya kufuli hilo.

"Vuta."

Nilivuta. Haukutoka.

"Sasa funga."

Nilifunga. Kufuli likalia, na ufunguo ukanijia mkononi.

"Umeona? Halikupi ufunguo mpaka limefungwa. Halifungiki kama kibano hakijakaa. Na kibano hakikai kama ulimi haujabana. Ukishika ufunguo umeshika vyote vitatu. Bila ufunguo mkononi mwako, hata nikwambie nimeona malaika wamekalia hiyo reli, usiite treni."

"Nani alitunga kanuni hii?"

"Simjui," alisema. "Lakini nadhani alikuwa amezika mtu."

Miaka miwili ya kwanza nilijifunza kazi kwake, ingawa kwenye karatasi mimi ndimi nilikuwa mkubwa. Alinifundisha kuweka mkono juu ya reli asubuhi, kabla ya jua, nisikie treni ambayo macho hayajaiona. Alinifundisha kutomwamini dereva anayesema "niko karibu", kwa sababu dereva yuko karibu tangu alipotoka Nairobi. Alinifundisha kuifunika taa ya ishara kwa gunia, maana nyani waliipenda. Kazini alinisemesha Kiswahili hata tukiwa wawili tu. Dholuo ilikuwa ya jioni, ya ugali na omena aliyotumiwa kutoka nyumbani, na hapo ndipo aliponieleza habari za kanisa lake, ambako alikuwa mzee wa kanisa na ambako pombe ni dhambi ya kukutoa mbele ya watu. Hakuwahi kuionja. Chai yenyewe aliinywa kama anayeomba radhi.

Wakati huo pointsmani walikuwa wawili, mmoja kila upande. Yule wa upande wa Nairobi akafikisha umri akaenda zake Taveta. Hakuletwa mwingine. Niliandika barua. Jibu likaja kwamba suala "linaangaliwa". Niliandika tena, na tena, na mara ya nne sikujibiwa kabisa, nadhani kwa sababu macho ya kuliangalia yalichoka. Mzee Nyagaya akawa anafanya pande zote mbili kwa baiskeli. Anafunga pointi ya Mombasa, anapanda baiskeli hadi ofisini kuniletea ufunguo, ananyoosha hadi pointi ya Nairobi, anafunga, anarudi na ufunguo wa pili. Wakati wote huo treni imesimama nje ya stesheni, na kontrola wa Mombasa, mpangaji wa safari za treni, yuko kwenye simu.

"Ndimuni! Mnapika nini huko?"

"Pointsmani yuko njiani na ufunguo."

"Njiani anatoka wapi, Tanzania?"

Kila dakika ya kuchelewa iliandikwa kwa jina langu. Hakuna aliyeandika kwamba mtu mmoja anafanya kazi ya wawili. Sasa nasema hivi ili msije mkadhani hasira yangu ni ya mtu mmoja: waliompunguza yule wa pili walijua idadi ya pointi. Zimechorwa kwenye ramani iliyoning'inia ofisini kwao.

Lakini lililofuata nililifanya mimi. Nilikaa nikapiga hesabu, nikaona kwamba muda mwingi unapotea kwenye safari ya ufunguo kutoka pointi hadi ofisini. Kutoka mlangoni pangu niliweza kuona pande zote mbili. Nikamwambia Mzee afunge, apunge bendera ya kijani, aendelee na safari yake. Mimi nitaita treni.

"Na ufunguo?"

"Utakaa nao mfukoni. Utaniletea ukipata nafasi."

"Hapana, nyar Sindo. Bendera ni ya macho. Ufunguo ni wa mkono."

"Jaduong', mzee wangu, miaka yote hii, umewahi kumletea masta ufunguo kisha ikaonekana njia haikufungwa?"

"Sijawahi."

"Basi?"

"Sijawahi kwa sababu nauleta."

Nilicheka. Nina shahada ya takwimu, nikapewa jibu ambalo mwalimu wangu wa mwaka wa pili angelipigia makofi, na nilicheka. Kisha nikamwambia ni amri. Yeye ni mtu wa amri. Alisimama kidogo akiigeuzageuza kofia, akasema, "Wewe ndiye masta," akaondoka.

Rejista ina safu ya saa ya kupokea ufunguo. Safu hiyo haiwezi kuachwa wazi. Kwa hiyo kila alipopunga bendera niliandika "umepokelewa", na saa, na sahihi yangu, huku ufunguo uko kilomita nzima kutoka mkononi mwangu. Nimehoji dini, serikali, wazazi na wahadhiri. Kalamu yangu sikuihoji. Treni zilipita kwa wakati, kontrola akaacha kutuuliza tunapika nini, na siku moja akasema kwenye simu kwamba Ndimuni siku hizi ina masta msomi. Nilifurahi. Hilo nalo liandikwe.

Mwezi mmoja wa mvua, treni ya kokoto ilipita ikimwaga mawe mapya chini ya reli. Kesho yake, saa nne asubuhi, nilikuwa na treni ya ngano ikitoka Mombasa na treni tupu ikitoka Nairobi. Mzee Nyagaya alifunga upande wa Mombasa. Nilimwona akiinama, nikaona bendera, nikamwona akiruka juu ya baiskeli kuelekea upande wa pili. Nikaandika. Nikaita treni ya ngano.

Injini ilipanda pointi na kukubali njia kuu, magurudumu ya nyuma yakakubali njia ya pembeni. Sauti yake siwezi kuwaelezea. Mabehewa matatu yalilala. Dereva, kijana mcheshi wa Kilifi, alivunjika mguu mahali pawili, na nilimshikilia kichwa mpaka machela ya mbao ikapatikana. Hakuna aliyekufa. Ngano ilimwagika mpaka mlangoni, na nyani walifika kabla ya gari la uokoaji.

Nilikwenda kwenye pointi kwa miguu yangu. Kati ya ulimi na reli kulikuwa na kokoto, kubwa kama yai la kuku, imesagwa nusu. Kibano kilikuwa kimening'inia. Kufuli lilikuwa wazi, ufunguo ndani yake. Mzee Nyagaya alikuwa amesimama pale na baiskeli yake. Nilidhani nimeelewa kila kitu: kwa utaratibu wangu mpya hakuwa na haja ya kuniletea ufunguo pale pale, kwa hiyo hakuuvuta.

Mkaguzi alikuja siku ya tatu na gari jeupe. Hakutembea hadi upande wa Nairobi. Hakuomba barua zangu nne; nilipomwekea mezani aliziegemea kwa kiwiko. Aliifungua rejista.

"Madam, hapa umeandika ufunguo umepokelewa saa nne na dakika kumi na mbili. Ufunguo umekutwa kwenye kufuli. Kwa hiyo kitabu kimedanganya?"

Niliisoma tena sahihi yangu.

"Wewe bado mdogo," alisema, kwa upole ambao mpaka leo nikiukumbuka natamani kutupa kitu. "Kuna ufunguo wa akiba, sivyo? Pengine ulipewa huo wa akiba. Na mtu mwenye akili timamu hawezi kukuletea ufunguo wa akiba. Labda awe amekunywa."

"Hanywi."

"Uliwahi kulala naye chumba kimoja ukajua hanywi?"

Siku tatu zilikuwa zimepita. Hakukuwa na kipimo, hakukuwa na chupa, hakukuwa na shahidi. Kulikuwa na karatasi iliyokwisha andikwa kwamba pointsmani alikuwa amelewa, na nafasi ya sahihi yangu chini. Pointsmani akiwa mlevi, hakuna anayeuliza kwa nini alikuwa peke yake. Nilielewa hilo nikiwa nimeshika kalamu, vizuri kabisa, na nikasaini.

Mzee alisomewa karatasi. Alisema maneno mawili: "Mimi sinywi." Mkaguzi akasema, "Wote husema hivyo." Mzee akanitazama. Nikatazama ngano. Alifungasha sanduku lake asubuhi iliyofuata akaniachia gunia la kufunikia taa.

Na wiki moja baadaye, wenzangu, walituletea pointsmani wa pili. Na wa kwanza mpya. Wawili, na viatu vipya. Nafasi iliyokuwa ikiangaliwa miaka yote hiyo ilipatikana kwa siku saba. Nilirudisha kanuni ya ufunguo mkononi, na siku kontrola alipouliza tunapika nini nilimjibu jambo ambalo sitaliandika. Nilikaa Ndimuni miaka mitatu zaidi, mpaka treni zikapungua na stesheni ikafungwa. Sikumwandikia Mzee hata barua moja.

Nilirudi kwetu. Mwezi wa pili wa kustaafu kwangu, nikiwa Mbita nasubiri feri, nilikutana na gadi mmoja wa zamani wa treni, tuliyewahi kumpa maji ya kunywa Ndimuni. Alifurahi kuniona.

"Na yule mlevi wenu, mnajua yuko wapi?"

"Mlevi gani?"

"Si yule Nyagaya! Jirani wa shemeji yangu. Kanisa lilimuuliza kwa nini amefukuzwa, mjinga akawaletea barua mwenyewe, mkononi. 'Mmeuliza barua, hii hapa.' Wakamvua uzee wa kanisa. Sasa ana benchi lake la nyuma kabisa, karibu na mlango, pale wanapokaa wenye makosa. Hasimami kwenye matanga ya watu, haombei mtu. Miaka mitatu!" Akacheka. "Si angeichoma tu?"

Feri ilikuja, sikuipanda.

Nilifika Asumbi kesho yake, nikauliza njia mpaka kwake. Mkewe alikuwa akichambua mboga nje. Nilimwamkia, nikajitaja.

"Wewe ndiwe yule masta," alisema, na hakuinuka. "Barua ile mliiandika na yule mkaguzi, au uliandika peke yako?"

"Nilisaini, mama."

"Mmh. Mkono uko sawa? Haukunyauka?"

"Uko sawa."

"Mungu ana subira sana."

Mzee alitoka ndani ya nyumba. Amekonda, lakini bado anageuza kofia. Akasema, kwa Dholuo safari hii, "Nyar Sindo. Umekula?" Na mkewe akasema hapa hali mtu mpaka aseme kilichomleta. Nilisema. Nilisema nimekuja kuliambia baraza la kanisa lake kwamba karatasi ile ni ya uongo, na kwamba sahihi ni yangu. Mzee akanivutia kiti.

"Watakuuliza maswali mabaya," alisema.

"Waniulize."

Baraza lilikutana kanisani Alhamisi, watu watano kwenye viti vya plastiki, na mwenyekiti wao mwalimu mstaafu aliyekuwa na kitambaa cha kufutia miwani. Mzee na mkewe walikaa pembeni. Nilisimulia yote kama nilivyowasimulia nyinyi, mpaka kiwiko cha mkaguzi.

"Kwa hivyo mlevi hakuwa mlevi," alisema Mwalimu.

"Hakuwa."

"Na wewe uliyeandika kwamba amelewa, siku hiyo ulikuwa umelewa?"

"Hapana, Mwalimu. Nilikuwa timamu kabisa."

Mtu mmoja alikohoa. Mwalimu akafuta miwani. "Barua ya kwanza ina muhuri. Hii habari yako ina nini?"

"Nipeni karatasi."

Niliandika pale pale, juu ya paja. Amri ilikuwa yangu. Rejista niliidanganya mimi. Karatasi ya ulevi niliisaini nikijua si kweli. Jina, cheo cha zamani, sahihi. Nikaisoma kwa sauti. Mwalimu alikuwa amekwisha nyoosha mkono kuichukua, Mzee Nyagaya aliposema, "Umesahau jambo."

"Jambo gani, jaduong'?"

"Ufunguo. Niliuvuta."

Sikumwelewa.

"Mkono umezoea. Miaka mingapi? Niliuvuta, ukakataa. Nikavuta tena, ukakataa. Nikatazama upande wa Nairobi, nikaona moshi wa ile treni nyingine. Nikasema, nitaangalia nikirudi. Nikapunga bendera." Aliigeuza kofia. "Andika."

"Usiandike!" Mkewe alikuwa amesimama. "Wamekufutia pombe, sasa unajipaka masizi? Nyagaya, una akili? Miaka mitatu nimekaa nawe mlangoni nikipigwa na vumbi la kila anayepita, leo mlango umefunguka unauegemea?"

"Kaa, mama," alisema Mwalimu.

"Sikai!"

"Dereva alivunjika mguu," alisema Mzee, hakupandisha sauti.

Mwalimu alimuuliza kwa nini hakulisema hilo siku alipoletwa mbele yao. "Hamkuniuliza habari za ufunguo," alijibu. "Mliniuliza pombe, nikawaambia sinywi. Hamkuamini. Lakini kukaa nyuma sikukataa."

Nilimkasirikia. Nawaambia ukweli. Nilikuwa nimekuja na mtu msafi kabisa kichwani, niliyemchafua kwa mkono wangu na ambaye ningemsafisha kwa mkono huo huo, na yeye hataki kuwa huyo mtu. Ningeweza kukataa. Kisha nikakumbuka nani alimwambia mtu wa amri kwamba ufunguo si lazima, na nani alikuwa kwenye simu, na ramani ya nani ilikuwa na pointi mbili na mtu mmoja. Niliandika. Niliandika alivyosema, maneno yake, na juu yake nikaongeza hayo matatu. Akaisaini chini ya jina langu.

Wazee walitutoa nje, wakatuita tena kabla chai tuliyopewa haijapoa. Ulevi umefutwa, alisema Mwalimu. Jambo hilo litasomwa Jumapili mbele ya watu wote, na Nyagaya arudi mbele. "Hilo la ufunguo ni la reli. Sisi hatuna adhabu ya kufuli."

"Basi la reli lipelekeni reli," alisema Mzee.

Nimelipeleka. Nakala ya karatasi ile, pamoja na nakala za barua zangu nne, ziko makao makuu, na nakala nyingine dereva wa Kilifi anayo. Hawajanijibu. Wakiniita kwa kosa la kughushi rejista nitakwenda, kwa sababu niliighushi.

Siku ile ya baraza, jioni haijaingia, mkewe ndiye aliyenisindikiza barabarani. Tulipofika kwenye lami akasimama.

"Mimi sijakusamehe," alisema.

"Najua, mama."

"Jumapili uje."

"Kusikiliza ikisomwa?"

"Benchi la nyuma litakuwa wazi. Uje ulikalie."

Nilikwenda, nikalikalia. Lina mguu mmoja mfupi na upepo wa mlangoni unaingia mgongoni. Kila aliyeingia alinitazama, na ibada yao ni ndefu.